Wino Kidoleni: Maandamano ya Bujumbura na Kura za Vilimani

Jumapili ya tarehe 26 Aprili 2015, siku moja baada ya chama tawala cha CNDD-FDD kumteua Rais Pierre Nkurunziza kugombea muhula wa tatu, vijana wa Musaga, Nyakabiga na Cibitoke walitoka majumbani wakashika njia ya katikati ya jiji la Bujumbura. Hawakufika. Polisi waliwarudisha kwa mabomu ya machozi, na damu ikamwagika siku hiyohiyo ya kwanza. Kesho yake, Jumatatu, ng'ambo ya bahari, mji wa Baltimore, Marekani, ulimzika Freddie Gray, kijana mweusi aliyeumia uti wa mgongo akiwa mikononi mwa polisi na kufa wiki moja kabla. Jioni ile maduka ya Baltimore yalichomwa moto, na gavana akaita jeshi la akiba la jimbo. Jumatatu hiyohiyo serikali ya Burundi ilikuwa ikiifunga RPA, redio iliyosikilizwa kuliko zote nchini.

Miji hii miwili iliingia barabarani wiki moja, kila mmoja kwa ugomvi wake na polisi wake. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 26 Aprili 2016, Baltimore ilikwenda kwenye sanduku kuchagua mgombea umeya wa chama cha Democratic. Meya aliyekuwepo wakati wa moto, Stephanie Rawlings-Blake, alikuwa ameshatangaza kwamba hagombei tena. Aliyeshinda ni Catherine Pugh, mwanasiasa mzoefu wa baraza la jimbo, akimpita meya wa zamani Sheila Dixon. Na DeRay Mckesson, mmoja wa vijana waliojulikana Marekani nzima kwa maandamano, aligombea vilevile: hakupata hata asilimia 3. Meya wa wakati wa moto hakurudi, lakini kiti hakikwenda kwa aliyebeba bango.

Wataalamu wa Marekani wameliuliza jambo hili kwa miaka mingi: watu weusi wanapoandamana kudai haki, mpiga kura anafanya nini siku ya uchaguzi? Sisi wa Bujumbura tumejiuliza mara chache. Pengine ni kwa sababu tunadhani jibu tunalo: tuliandamana, Nkurunziza akashinda, basi. Naona jibu hilo ni la haraka mno. Linahesabu karatasi zilizomo sandukuni tu, na nchini kwetu nusu ya habari ya uchaguzi iko nje ya sanduku.

Tuanze na wenzetu. Mwaka 2020 mtafiti Omar Wasow alichapisha kazi yake kuhusu maandamano ya weusi ya miaka ya 1960. Aliona kwamba pale waandamanaji walipokuwa watulivu, hasa walipopigwa na polisi au na makundi ya wazungu bila kurudisha mkono, magazeti yaliandika juu ya haki za raia, na kura za Democratic zikapanda katika maeneo ya jirani. Pale walipochoma na kuvunja, magazeti yaliandika juu ya uhalifu na utulivu wa nchi, na kura za wazungu zikahamia Republican. Kwa ghasia zilizofuata kuuawa kwa Martin Luther King tarehe 4 Aprili 1968, alikadiria kwamba wazungu waliohama ni kati ya asilimia 1.5 na 7.9. Mwezi Novemba mwaka huo Richard Nixon alimshinda Hubert Humphrey kwa pungufu ya asilimia moja ya kura zote. Hesabu hiyo inatosha kumnyima mtu usingizi.

Wengine wameona tofauti. Baada ya ghasia za Los Angeles za mwaka 1992, ambazo hakuna anayeweza kuziita tulivu, watafiti Enos, Kaufman na Sands walikuta kwamba wakazi wa mji ule, weusi kwa wazungu, waliunga mkono zaidi fedha za shule za umma, na wapya wakajiandikisha kupiga kura. Kisha ukaja mwaka 2020. George Floyd aliuawa Minneapolis tarehe 25 Mei, na mwezi Juni watu wazima 67 kati ya 100 waliwaambia watafiti wa Pew kwamba wanaunga mkono vuguvugu la Black Lives Matter. Kufikia Septemba walibaki 55. Novemba 2021 wapiga kura wa Minneapolis wenyewe, mji alikouawa Floyd, walikataa pendekezo la kuondoa idara ya polisi na kuweka chombo kipya mahali pake: kama 56 walisema hapana, 44 ndiyo.

Mtu akitaka kanuni moja kutoka kwenye matokeo haya atahangaika. Mimi ninachokiona ni kwamba kati ya barabara na sanduku kuna mtu wa tatu, naye ni msimulizi. Usiku wa tarehe 7 Machi 1965 televisheni ya ABC ilikatiza filamu kuhusu kesi za Wanazi wa Nuremberg ili kuonyesha polisi wa Alabama wakiwapiga waandamanaji kwenye daraja la Selma. Mamilioni ya wazungu waliokuwa wamekaa sebuleni wakitazama ukatili wa Wajerumani waliona ukatili wa kwao bila hata kubadilisha stesheni. Miezi mitano baadaye sheria ya haki ya kupiga kura ilitiwa saini. Waandamanaji wa Selma walikuwa mamia tu. Walioandamana nao kwa macho ndio waliokuwa wengi.

Uhusiano huu wa barabara na sanduku Bujumbura iliuonja kabla haujaandikwa vitabuni, na haikuwa mwaka 2015.

Tarehe 1 Juni 1993 Warundi walipiga kura ya kwanza ya urais yenye wagombea zaidi ya mmoja. Melchior Ndadaye wa chama cha FRODEBU, Mhutu, alipata takriban asilimia 65. Meja Pierre Buyoya wa UPRONA, Mtutsi aliyekuwa madarakani tangu mapinduzi ya 1987, alipata karibu theluthi moja. Dunia ilipiga makofi, na Buyoya mwenyewe akakubali kushindwa. Lakini siku chache baada ya matokeo maelfu ya watu, wengi wao wanafunzi Watutsi, waliingia mitaani Bujumbura wakilalamika kwamba ile haikuwa kura bali sensa ya kabila: kila mmoja amehesabu watu wake, walio wengi wameshinda. Malalamiko hayo hayakuwa ya uongo mtupu, wala hayakuwa ya kweli kamili. Buyoya hangeweza kufikia theluthi ya kura bila Wahutu wengi kumpigia, na FRODEBU ilikuwa na Watutsi ndani yake.

Wiki nne baadaye, tarehe 29 Juni, wapigakura walewale walirudi vituoni kuchagua wabunge. Ni nadra nchi yoyote kupata kipimo cha namna hiyo: kura, maandamano, kisha kura tena, yote ndani ya mwezi mmoja. FRODEBU ilipanda hadi asilimia 71 hivi na kuchukua viti 65 kati ya 81. UPRONA ilishuka hadi asilimia 21 na viti 16. Kura za chama ambacho waandamanaji walikuwa wakikililia zilipungua kwa theluthi nzima.

Ukisoma haraka utasema maandamano yaliwakera Wahutu waliokuwa UPRONA wakahama. Inawezekana baadhi walihama. Mtu aliyempigia Buyoya kwa kumheshimu, kisha akasikia vijana wa mjini wakisema kura ya Mhutu ni ya kabila tu, angekuwa na sababu ya kufikiri upya. Lakini kuna mambo mengine mawili ya kuweka mezani. La kwanza, mshindi huvuta: watu hupenda kukaa upande ambao tayari una ikulu. La pili, na hili ndilo linalonishughulisha, waliojitokeza walipungua kutoka kama asilimia 97 mwanzo wa mwezi hadi 91 mwisho wake. Katika nchi ambayo karibu kila mtu mzima alikuwa amepiga kura, hao waliobaki nyumbani ni wengi. Ukimwambia mtu kwamba uchaguzi ni kuhesabu vichwa vya makabila, na yeye ni wa kabila dogo, umemwambia pia kwamba foleni ya kesho haina maana. Maandamano yaliyokusudiwa kuitetea UPRONA huenda yaliwafundisha watu wa UPRONA kukaa nyumbani.

Ndadaye aliuawa na wanajeshi tarehe 21 Oktoba 1993, siku mia na kidogo tangu aapishwe. Yaliyofuata kila Mrundi anayajua, sitayasimulia. Nitachukua kipande kimoja tu cha miaka ile: siku za mji mfu, za 1994 na 1995. Vijana wenye silaha, Sans Échec wakiwa maarufu kuliko wote, walifunga barabara, wakazuia maduka na ofisi kufunguliwa, na kuua waliokaidi. Mitaa iliyokuwa mchanganyiko ikagawanyika: Kamenge na Kinama zikawa za Wahutu, Musaga, Nyakabiga, Ngagara na Cibitoke za Watutsi. Bwiza na Buyenzi, mitaa yetu ya Kiswahili ambako mtu aliulizwa anauza nini kabla ya kuulizwa ni nani, zilistahimili hadi Machi 1995, nazo zikavamiwa.

Kwa mtu anayechunguza maandamano na kura, kipindi kile kina somo gumu kulimeza. Mkataba wa serikali wa Septemba 1994 uliwapa wapinzani wa FRODEBU asilimia 45 ya nafasi za serikali. Chama kilichopata kura 21 kati ya 100, pamoja na washirika wake, kilipata karibu nusu ya meza, na barabara zilizofungwa zilikuwa sehemu ya sababu. Wachache walidai kwa mawe na bunduki kile ambacho sanduku haliwezi kuwapa walio wachache. Marekani nayo ina historia ya wachache kwenda barabarani kwa kuwa wingi wa kura hauwasikii, lakini wachache wake hawakuwa na jeshi nyuma yao. Hapo ndipo kufananisha kunapokoma. Waandamanaji wa Selma walikuwa wanyonge wa dola. Wengi wa waliofunga barabara za Bujumbura mwaka 1995 walikuwa ndugu za wenye dola.

Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000, pamoja na katiba ya 2005 iliyojengwa juu yake, uliligeuza jambo hilo kuwa sheria: Bunge la Taifa asilimia 60 Wahutu na 40 Watutsi, Seneti nusu kwa nusu, jeshi nusu kwa nusu. Wengi huusoma kama mkataba wa kugawana vyeo. Mimi nauona pia kama mkataba uliobadilisha maana ya kura. Ikiwa idadi ya viti vya kila kabila imeshapangwa kabla hujapiga kura, sensa ya kabila haina faida tena. Chama chochote kinachotaka ushindi kitatafuta Wahutu na Watutsi kwa orodha moja. Kwa hiyo kufikia mwaka 2010 ugomvi mkubwa wa uchaguzi ulikuwa baina ya Wahutu wa CNDD-FDD na Wahutu wa FNL ya Agathon Rwasa, na Watutsi wakiwa pande zote.

   

Ndiyo maana 2015 haikufanana na 1993. Ilikuwa na watangulizi wake. Mwezi Mei 2014 mtetezi wa haki za wafungwa Pierre Claver Mbonimpa alikamatwa, na watu wakaanza kuvaa kijani siku za Ijumaa. Januari 2015 akakamatwa Bob Rugurika, mkurugenzi wa RPA. Alipoachiwa mwezi Februari kutoka gereza la Muramvya, umati ulimpokea njia nzima mpaka Bujumbura: pikipiki, teksi, watembea kwa miguu, wauza machungwa, watu waliosimama kando ya lami na kupunga matawi. Hakuna aliyewapanga kwa kabila, wala hakuna aliyewauliza. Kwa macho ya siasa ile ilikuwa hesabu ya awali, na serikali iliisoma.

Waandamanaji wa Aprili walijiita Sindumuja, yaani mimi si mtumwa. Walikuwa Musaga na Nyakabiga, mitaa iliyojulikana kwa Watutsi wengi, lakini pia Kanyosha, waliko Wahutu wengi. Waliojiunga katika muungano wa Amizero y'Abarundi walikuwa watu wa Rwasa na tawi la UPRONA la Charles Nditije: wapiganaji wa zamani wa FNL na chama cha Buyoya ndani ya orodha moja. Mwaka 1993 ungemwambia mtu habari hiyo angekuuliza umekunywa nini.

Serikali ililielewa tishio lilipo. Jibu lake la kwanza lilikuwa la hesabu: ni mitaa michache ya mji mkuu, nchi nzima imetulia. Jibu la pili lilisemwa kwa sauti ya chini zaidi: tazameni ni mitaa ipi. Kutaja Musaga na Nyakabiga kwa msikilizaji wa Ngozi au Kayanza aliyezikumbuka siku za mji mfu kulitosha. Hakuna haja ya kusema kabila, jina la mtaa linasema. Ni ufundi uleule ambao wanasiasa wa Marekani waliutumia mwaka 1968 walipoahidi sheria na utulivu bila kutaja rangi ya mtu, na msikilizaji akajaza mwenyewe.

Na msimulizi hakuwepo wa kusema vingine. RPA ilifungwa siku ya pili. Simu zilipoteza mitandao ya kijamii. Kisha, tarehe 13 Mei, Jenerali Godefroid Niyombare alitangaza kumpindua Nkurunziza aliyekuwa Dar es Salaam kwa kikao cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jaribio lilishindwa ndani ya siku mbili, na katika siku hizo RPA, Isanganiro, Bonesha na Radio-Télé Renaissance zilishambuliwa na kuharibiwa. Rema FM, iliyopendelea serikali, nayo ilichomwa, na upande wa pili. Baada ya hapo aliyebaki kwenye hewa ya vilima alikuwa redio ya taifa, RTNB. Gazeti la Iwacu lilibaki hai, na waandishi waliopoteza redio walianza SOS Médias Burundi kwenye intaneti, lakini kilima hakisomi intaneti. Kilima kina redio ndogo ya betri juu ya dirisha.

Hivyo mwandamanaji wa Bujumbura alikuwa na bahati mbaya ambayo wa Selma hakuwa nayo. Siku iliyostahili kuonekana kuliko zote ilikuwa tarehe 10 Mei, wanawake walipotoka wakiwa wamebeba mabango na matawi, wakafika katikati ya jiji, mahali ambapo wanaume walikuwa wameshindwa kufika kwa wiki mbili. Polisi walisita kuwapiga mama zao. Ilikuwa picha safi kuliko zote, isiyohitaji maelezo, ya aina ambayo kwa hesabu za Wasow ingeweza kuhamisha kura. Siku tatu baadaye jaribio la mapinduzi liliifunika. Tangu siku ile mbele ya wapiga kura wa vilimani maandamano na mapinduzi yakawa neno moja, na redio pekee iliyobaki haikuwa na sababu ya kuyatenganisha.

Lakini nisimlaumu msimulizi peke yake. Mkulima wa Kirundo au Ruyigi hakuwa mjinga aliyedanganywa. Alikuwa na hesabu zake, na hesabu hizo zilikuwa na Nkurunziza aliyefuta ada ya shule ya msingi mwaka 2005, na mwaka uliofuata akafanya uzazi na matibabu ya watoto chini ya miaka mitano kuwa bure. Mama aliyewahi kuzuiwa hospitalini kwa sababu ya deni la kujifungua hasahau kitu hicho kwa sababu ya mabishano ya ibara ya katiba kuhusu mihula ya rais. Aliyekuwa barabarani Nyakabiga alikuwa akitetea Arusha. Aliyekuwa shambani alikuwa akitetea zahanati. Naamini wote wawili walikuwa na haki, ndiyo maana hawakusikilizana.

Na kuna hesabu ya nchi. Watu waliojiandikisha walikuwa kama milioni 3.8, na Bujumbura ni sehemu ndogo tu ya hao. Kule Marekani mji mmoja unaweza kuangusha jimbo zima, na jimbo likaangusha nchi. Mwaka 2020 Joe Biden alichukua Georgia kwa kura 11,779, idadi ambayo mitaa kadhaa ya Atlanta inaweza kuipata kabla ya chakula cha mchana. Rais wa Burundi huchaguliwa kwa kuhesabu kichwa kimoja kimoja nchi nzima, na vichwa viko vilimani. Hata Bujumbura yote ingepiga kura upande mmoja, ingekuwa imeongeza asilimia chache tu kwenye jumla.

Basi tuangalie nini hasa kilitokea. Uchaguzi wa wabunge, uliosogezwa mara mbili, ulifanyika tarehe 29 Juni. Wa rais tarehe 21 Julai. Siku nne kabla ya ule wa kwanza, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Burundi waliokuwa wamepiga kambi nje ya ubalozi wa Marekani tangu chuo kufungwa walifukuzwa na polisi, wakatambaa chini ya lango na kuingia ndani ya uwanja wa ubalozi, mikono juu. Wapinzani walisusia. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliotazama uchaguzi ulisema mazingira hayakufaa kwa uchaguzi huru na wa kuaminika. CNDD-FDD ilipata viti 77 kati ya 100 vya kuchaguliwa, na Nkurunziza akatangazwa mshindi kwa asilimia 69.41.

Wachambuzi wengi huishia hapo. Mimi nataka kukaa juu ya tarakimu mbili.

Ya kwanza ni ya Rwasa. Alikuwa ametangaza kwamba hashiriki, na ya kwamba uchaguzi ni kiini macho. Lakini jina lake lilibaki kwenye karatasi. Asilimia 18.99 ya waliopiga kura walimpigia hata hivyo. Fikiria maana yake. Hawakuwa wakichagua rais, kwani mtu wao hakuwa akigombea. Mrundi alipofika kituoni alipewa bunda la karatasi, moja kwa kila mgombea. Aliweka aliyempenda sanduku moja na wengine wote sanduku la pili. Karibu mtu mmoja kwa kila watano aliingia nyuma ya pazia, akachagua karatasi ya mtu aliyesema hayupo, akarudi shambani. Hao, kwa maoni yangu, ndio waandamanaji wa vilimani. Hawakuweza kuchoma tairi, kwa sababu kilimani kila mtu anamjua aliyechoma tairi. Waliandamana kwa kipande cha karatasi, dakika moja, gizani. Pia muungano wa Amizero, uliosusia uchaguzi wa wabunge, ulipata viti 21 bila kuvitafuta, na baadaye Rwasa akaenda kuvikalia. Kuna waliomwita msaliti. Labda. Lakini wapiga kura wake walikuwa wamesusia kususia kabla yake.

Tarakimu ya pili ni ya Bujumbura yenyewe. Kwa maelezo ya tume ya uchaguzi, CENI, nchi nzima ilijitokeza kwa zaidi ya asilimia 70 siku ya kumchagua rais, lakini jijini ilikuwa kama 30 tu. Hii ndiyo alama kubwa kuliko zote iliyoachwa na maandamano kwenye sanduku, nayo ni alama ya kutokuwepo. Kama huenda ilivyokuwa mwaka 1993, barabara haikumfanya mtu abadilishe chama. Ilimfanya abaki nyumbani. Na wengine hawakuwa na nyumba ya kubaki: zaidi ya watu 150,000 walikuwa wameshavuka mipaka kufikia siku ile, wengi wakielekea Nyarugusu mkoani Kigoma, Tanzania, wakitoka Makamba, Kirundo na Muyinga, si mitaa ya mji tu. Kura za wakimbizi huhesabiwaje? Hazihesabiwi. Lakini mtu anayeuliza maandamano yalibadilisha nini kwenye uchaguzi lazima awahesabu, kwa kuwa aliyeondoka ni mpiga kura aliyebadilishwa kabisa.

Utafiti wa Marekani hauna neno zuri kwa jambo hili. Huko mtu anayesusia huitwa mvivu au aliyekata tamaa, na watafiti humweka kwenye mstari wa chini wa jedwali. Serikali ya Burundi, naona, ilimwelewa zaidi kuliko watafiti. Ilipoitisha kura ya maoni ya katiba mpya tarehe 17 Mei 2018, ilitangaza kwa amri ya rais kwamba atakayewashawishi watu wasipige kura anaweza kufungwa hadi miaka mitatu. Kampeni ya hapana iliruhusiwa. Kampeni ya kubaki nyumbani ikawa kosa la jinai. Aliyeandika amri hiyo alikuwa ameusoma mwaka 2015 vizuri: hatari haikuwa ya hapana, kwani hapana unaweza kuihesabu. Hatari ilikuwa asilimia 30 ya Bujumbura. Matokeo yalitoka: ndiyo asilimia 73, hapana 19, waliojitokeza 96. Angalia hiyo 19, ni kama ya Rwasa miaka mitatu nyuma, pengine baadhi ni watu walewale na vidole vilevile.

Wiki tatu baada ya kura hiyo, katiba mpya ikimruhusu kukaa hadi 2034, Nkurunziza alisema hatagombea tena. Hakuna anayejua kwa hakika nini kilimsukuma, na aliondoka duniani Juni 2020 bila kueleza. Lakini mtu anayedai kwamba maandamano ya 2015 hayakuzaa kitu anapaswa kueleza kwa nini muhula wa nne haukuja. Makao makuu ya siasa nayo yalihamishiwa Gitega mwaka 2019. Ahadi hiyo ilikuwa ya zamani, sitasema ni maandamano yaliyoihamisha. Nasema tu kwamba Gitega haina Musaga.

Uchaguzi wa Mei 2020 ulimpa Évariste Ndayishimiye wa CNDD-FDD asilimia 68 na Rwasa 24. Juni 2025 CNDD-FDD ilitangazwa kushinda viti vyote 100 vya kuchaguliwa. Kwa matokeo ya namna hiyo swali la maandamano kuathiri kura linakosa pa kushika: hakuna tena sehemu ya sanduku ambamo tofauti ingeweza kuonekana. Mtafiti wa Minneapolis ana 56 na 44. Wa Bujumbura ana 100.

Kilichobaki kwangu ni kitu kidogo kilichoonwa na waandishi tarehe 21 Julai 2015 katika mitaa ya upinzani. Watu wachache walitoka vituoni wakisugua vidole, wakijaribu kufuta wino kabla ya kufika nyumbani, wasije majirani wakajua kwamba wamepiga kura. Miaka mitatu baadaye, kabla ya kura ya maoni, Imbonerakure, vijana wa CNDD-FDD, walisimama barabarani vijijini wakimuomba mpita njia aonyeshe karatasi ya kujiandikisha, na asiyekuwa nayo hakupita. Mwaka 2015 mjini mtu alificha kidole chenye wino. Mwaka 2018 vilimani, mtu alitembea na karatasi mfukoni hata akienda kuchota maji.